Bafa ya LM358 inagota kwenye 3.5 V: ipewe umeme gani?

Swali: "Nimejenga kipimo cha mfumo wangu wa sola kwa Arduino Uno. Betri ni ya asidi, 12 V, na paneli ni zile zinazoitwa za 12 V. Volti ya betri inapita kwenye kigawa volti cha rezista 100k na 33k, ya paneli kwenye 100k na 22k. Kila moja inaingia upande wake wa LM358, chipu yenye opampu (vikuzaji vya volti) mbili, iliyofungwa kama bafa, yaani inayonakili volti bila kuchota mkondo kwenye chanzo, kisha inakwenda A0 na A1. LM358 inakula 5 V ya Arduino. Usiku na asubuhi namba zinalingana na mita. Ikifika saa sita mchana mita inasoma 14.7 V kwenye betri, lakini skrini inagoma kwenye 14.2. Paneli nayo nikiichomoa kwenye kontrola mita inasoma 21.3 V, skrini 19.5. Fundi mmoja kaniambia niilishe LM358 kwa 12 V ya betri. Mwingine kasema opampu lazima ipewe umeme wa pande mbili, chanya na hasi. Nimfuate nani?"

Jibu: Kwa kazi hii, ndugu, usimfuate yeyote kati yao. Baki na 5 V ya Arduino, chomoa LM358, chomeka MCP6002, chipu nyingine ya opampu mbili, mahali pale pale. Miguu yake minane imepangwa sawasawa na ya LM358, kwa hiyo hakuna waya utakaouhamisha. Kama MCP6002 haipatikani ulipo, acha LM358 ilivyo na ubadilishe rezista mbili tu: ile ya 33k iwe 22k, na ile ya 22k iwe 12k. Njia zote mbili zinaponya tatizo lako. Sababu zake inafaa uzielewe, kwa kuwa utajenga bafa nyingine baada ya hii, na swali la umeme litakurudia kila mara.

Anza na namba zako mwenyewe, maana zimeshataja mkosaji. Betri ilipogoma kwenye 14.2 V, volti iliyokuwa ikiingia Arduino ni 14.2 mara 33 gawa kwa 133, yaani 3.52 V. Paneli ilipogoma kwenye 19.5 V, volti ni 19.5 mara 22 gawa kwa 122, yaani 3.52 V vilevile. Vigawa viwili tofauti, vyanzo viwili tofauti, na vyote vimegota kwenye dari moja. Kama kosa lingekuwa kwenye rezista au kwenye hesabu ya programu yako, kila njia ingekosea kwa kiasi chake, na ingekosea asubuhi pia. Kitu pekee ambacho njia zote mbili zinashirikiana kabla ya kuingia Arduino ni ile chipu na umeme wake.

Sasa chungulia ndani. Opampu haina mguu wa graundi. Ina mguu wa umeme wa juu na mguu wa umeme wa chini, basi. Haijui kwamba mguu 4 umeufunga kwenye graundi, haijui kama 5 V yako inatoka USB au kwenye betri. Inachojua ni kwamba iko katikati ya kuta mbili, na transista zake zinahitaji nafasi fulani kati ya volti inayofanyiwa kazi na kila ukuta. Nafasi hiyo ndiyo inayotofautisha opampu moja na nyingine, na ndiyo inayoamua umeme unaofaa.

Kwa LM358, ukuta wa chini hauna shida: pembejeo (mguu unaopokea volti) inaruhusiwa kushuka mpaka usawa wa mguu 4 wenyewe. Ukuta wa juu ndio wenye masharti. Karatasi ya vipimo inadhamini pembejeo mpaka 1.5 V chini ya umeme wa juu kwenye nyuzijoto 25, na mpaka 2 V chini yake kwa masafa yote ya joto. Tokeo (mguu unaotoa volti) nalo huishia karibu 1.5 V chini ya umeme. Ukiipa 5 V, dari yako ni karibu 3.5 V. Betri yako ikiwa 14.7 V unaiomba itoe 3.65 V, na paneli ikiwa 21.3 V unaiomba itoe 3.84 V. Haiwezi. Asubuhi betri ikiwa 12.6 V unaiomba 3.13 V tu, ndiyo maana inatii.

Hapa pana jambo ambalo watu wengi hulipita. Kwenye kikuzaji cha kugeuza alama, pembejeo zote mbili hukaa mahali pamoja palipotulia, kwa kawaida graundi au nusu ya umeme, na tokeo peke yake ndilo linalosafiri. Bafa haiko hivyo. Tokeo limefungwa kwenye pembejeo yenye alama ya kutoa (−), kwa hiyo tokeo linapopanda mpaka 3.6 V, pembejeo zote mbili ziko 3.6 V pamoja nalo. Bafa inabanwa na mipaka miwili kwa wakati mmoja, wa kuingia na wa kutoka, na unaotawala ni ule ulio mwembamba zaidi. Kwa hiyo unapofungua karatasi ya vipimo ya opampu yoyote kwa ajili ya bafa, usianze na kasi wala bei. Tafuta mstari wa volti za pembejeo, ambao alama yake huwa VCM, VICM au VICR, kisha mistari ya VOH na VOL, yaani dari na sakafu ya tokeo. Chukua dari iliyo chini kuliko zote na sakafu iliyo juu kuliko zote. Kati ya hizo mbili ndimo mawimbi yako, yaani volti unayoipima, yanatakiwa kukaa yote, pamoja na siku mbaya kabisa.

Mfano wa mtego huo ni LMV358. Jina linafanana na la LM358 na miguu ni ile ile, na tokeo lake linafika karibu kabisa na kuta zote mbili, kwa hiyo mtu huichukua akidhani amemaliza. Lakini pembejeo yake inadhaminiwa mpaka karibu 1 V chini ya umeme wa juu. Kama bafa kwenye 5 V itakupeleka mpaka 4 V hivi, ambayo kwa betri yako inatosha na kwa paneli inatosha kwa shida. Ukiitumia kwenye 3.3 V inaishia karibu 2.3 V. Tena LMV358 ni chipu ya umeme mdogo, 2.7 V hadi 5.5 V. Ukiiweka mahali pa LM358 iliyokuwa ikila 12 V inaungua papo hapo. Soma herufi zilizo mgongoni mwa chipu kabla hujalipa.

MCP6002 inafikia kuta zote mbili kwa pembejeo na kwa tokeo. Pembejeo inakubali hata kiasi kidogo nje ya kuta, na tokeo likiwa na mzigo wa 10k linakaribia kila ukuta kwa takriban milivolti 25. Umeme wake ni 1.8 V hadi 6.0 V, na kila opampu ndani yake inakula kama mikroampea 100, jambo la maana kwenye kipimo kinachowaka usiku kucha kwa betri. Kwa hesabu zako, 3.65 V na 3.84 V zitapita bila kuguswa, na bado umebakiwa na zaidi ya volti moja juu. Sharti lake ni moja na ni kali: isionje 12 V hata kwa sekunde. Ikivuka 7 V inakufa.

Ukichagua kubaki na LM358, hesabu inakwenda hivi. Usiitegemee ile 1.5 V, tumia 2 V, maana kisanduku cha sola mara nyingi hukaa kwenye joto la bati. Pia 5 V ya Arduino ikitoka kwenye USB ya chaja dhaifu hushuka mpaka 4.7 V mara kwa mara, na dari ya LM358 inashuka nayo. Kwa hiyo dari ya kuaminika ni 4.7 toa 2, yaani 2.7 V. Kigawa cha 100k na 22k kwa betri kinatoa 2.70 V betri ikiwa 15 V. Kigawa cha 100k na 12k kwa paneli kinatoa 2.57 V paneli ikiwa 24 V. Zote ziko ndani. Unachopoteza ni wembamba wa hatua: Arduino Uno ina hatua 1024 katika 5 V, kila hatua milivolti 4.88, kwa hiyo hatua moja ya betri, ambayo kwa sasa ni milivolti 20, itakuwa milivolti 27, na ya paneli inatoka 27 kwenda 46. Kwa kujua betri imejaa au imeisha, hiyo haikusumbui.

Sasa ushauri wa fundi wa kwanza, LM358 kwenye 12 V. Hakukosea kuhusu dari. Umeme ukiwa 12 V, dari inapanda kupita 10 V, na 3.65 V inapita kwa raha. LM358 yenyewe inavumilia mpaka 32 V, haina neno. Anayeponzwa hapo ni Arduino. Bafa inayokula 5 V haiwezi kutoa zaidi ya 5 V hata ikitaka, na huo ni ulinzi unaoupata bure. Bafa inayokula umeme wa betri inaweza kutoa volti kumi na zaidi. Fikiria rezista ya 33k imechomoka kwenye bredibodi, au solda yake imepasuka. Pembejeo sasa inaona volti ya betri nzima kupitia ile 100k. Bafa inainuka mpaka karibu 13 V na kuisukumia A0, mguu ambao haukupangiwa kuzidi 5.5 V. Lipo tena tatizo la pili lisilohitaji ajali yoyote: Arduino ikizimwa huku betri ikiendelea kuilisha LM358, bafa inasukuma mkondo ndani ya Arduino iliyozimwa kupitia diodi za ulinzi za mguu wa A0, na utaona taa yake ikiwaka kwa ufifi au programu ikianza vibaya ukiiwasha.

Kama una sababu ya kweli ya kutumia umeme mkubwa, kwa mfano opampu uliyonayo haifanyi kazi kwenye 5 V, basi fanya mambo matatu. Weka rezista ya 10k kati ya tokeo la bafa na mguu wa Arduino: bafa ikipanda mpaka 13.3 V, mkondo unaoingia ni tofauti ya volti kama 7.8 gawa kwa 10k, chini ya miliampea moja, na diodi za ndani zinauhimili. Usiichukue 12 V moja kwa moja kwenye betri ya sola, kwa sababu waya wa betri ukichomoka wakati wa jua, kontrola nyingine huachia volti ya paneli, zaidi ya 20 V, ipite kwenye ile njia. Pitisha kwanza kwenye regyuleta ya 78L08, yenye kapasita ya 35 V au zaidi mbele yake. Inakupa 8 V hata betri ikiwa imeshuka mpaka 11 V, na LM358 inakula chini ya miliampea mbili, mzigo mwepesi kabisa kwa regyuleta ya miliampea 100. Dari inakuwa 6 V, inakutosha na kubaki. La tatu, fungua programu yako na uiambie ikatae somo lolote linalogusa 1023, namba ya juu kabisa ya Arduino, ione kuwa ni hitilafu badala ya kuliandika kama volti.

Fundi wa pili, wa chanya na hasi, anazungumza lugha ya opampu za zamani. µA741, aliyoibuni Dave Fullagar pale Fairchild mwaka 1968, imezoea kulishwa +15 V na −15 V, na pembejeo zake zinataka kukaa mbali na kuta zote mbili kwa volti kama mbili. Ukiifunga mguu wake wa chini kwenye graundi, haiwezi kuisoma sifuri wala nusu volti. TL072 nayo inataka kukaa mbali na ukuta wa chini, na ina tabia mbaya zaidi: pembejeo ikikaribia ukuta wa chini kupita kiasi, tokeo hugeuka ghafla na kuruka juu. Ukiiona bafa inayotoa volti kubwa pale unapoipa volti karibu na sifuri, na chipu ni TL072 yenye graundi kwenye mguu 4, usitafute kosa lingine. Kwa chipu hizo mbili fundi yuko sahihi, zinahitaji ukuta wa chini ulio chini ya graundi. Lakini wewe huna 741 wala TL072.

Swali la kujiuliza kabla ya kuhangaika na umeme hasi ni hili: je, mawimbi yangu yanashuka chini ya sifuri? Sauti kutoka maikrofoni inashuka. Volti ya trafo inashuka. Volti ya betri haishuki. Mawimbi yakishuka kweli, betri mbili za 9 V zilizofungwa mfululizo zinakupa +9 na −9, na kiungo cha katikati ndicho graundi. Au chipu ya ICL7660 na kapasita mbili za mikrofaradi 10 inageuza +5 V kuwa karibu −5 V. Ina ukinzani wa omu kama 55 kwenye tokeo lake, kwa hiyo ukiivuta miliampea 10 inashuka nusu volti na zaidi kidogo. Kumbuka tu kwamba +5 na −5 ni 10 V kati ya mguu 8 na mguu 4, na MCP6002 ingekufa hapo. Na Arduino haipokei volti hasi, kwa hiyo bado ungelazimika kuyainua mawimbi kabla hayajafika A0. Mara nyingi ni rahisi zaidi kuyainua mapema: rezista mbili za 10k zinagawa 5 V kuwa 2.5 V, kapasita ya mikrofaradi 10 inaituliza, na mawimbi yanapandishwa juu ya 2.5 V hiyo kupitia kapasita. Usichote mkondo wa mzigo kwenye kigawa hicho kitupu, maana kitayumba. Kikihitajika na mzigo, kipe bafa yake chenyewe.

Lakini kuna sehemu moja ya mfumo wa sola ambapo volti hasi inajitokeza bila kualikwa, na nakuomba uipime kabla hujaenda mbali. Kontrola nyingi za bei nafuu, za aina ya PWM (zinazochaji kwa kuwasha na kuzima swichi haraka haraka), zimeunganisha chanya ya paneli na chanya ya betri, na swichi yao iko upande wa hasi. Katika hizo, hasi ya paneli na hasi ya betri si waya mmoja. Betri ikiwa 13 V imejaa na kontrola imefunga njia, paneli ya 21 V ina hasi yake iliyozama 8 V chini ya hasi ya betri. Ukiunganisha hasi zote mbili kwenye graundi ya Arduino, umeipita swichi ya kontrola kwa waya wako mwenyewe, na betri itaendelea kuchajiwa bila kizuizi mpaka ichemke. Pima mchana betri ikiwa imejaa: volti kati ya hasi ya paneli na hasi ya betri, kisha kati ya chanya na chanya. Ile jozi inayobaki sifuri ndiyo iliyounganishwa. Kama ni hasi kwa hasi, kipimo chako kiko salama. Kama ni chanya kwa chanya, ondoa waya wa hasi ya paneli kwenye graundi leo hii, usisubiri chipu mpya.

Turudi kwenye ubao wako, mambo machache ya mkono. Mguu 8 ni umeme wa juu, mguu 4 ni graundi. Miguu hiyo miwili iko kwenye pembe zinazotazamana kimshazari, kwa hiyo ukiichomeka chipu kichwa chini, mguu 4 unakaa palepale pa mguu 8 na umeme unaingia kinyume. Inapata moto ndani ya sekunde chache na mara nyingi haifufuki. Kibonyeo cha nusu duara kikitazama juu, mguu 1 uko juu kushoto, unahesabu ukishuka mpaka 4, unavuka, unapanda 5 mpaka 8. Bafa ya kwanza: kigawa cha betri kinaingia mguu 3, miguu 1 na 2 inafungwa pamoja, na hapo ndipo pa kuchukulia tokeo. Bafa ya pili: kigawa cha paneli kinaingia mguu 5, miguu 6 na 7 inafungwa pamoja. Siku utakayotumia nusu moja tu ya chipu, usiache nyingine ikining'inia. Funga 6 na 7, na mguu 5 uupe volti iliyotulia katikati ya umeme, la sivyo nusu ile itatikisika na kuvuruga jirani yake.

Kapasita ya seramiki ya nanofaradi 100, ile iliyoandikwa 104, ikae kati ya mguu 8 na mguu 4, waya zake fupi, karibu sentimita moja kutoka kwenye chipu. Ukiiweka upande wa pili wa bredibodi haifanyi kazi yake, kwa sababu waya mrefu wenyewe unazuia mkondo wa haraka ambao kapasita ilitakiwa kuutoa. Ongeza ya mikrofaradi 10 pale umeme unapoingia ubaoni. Kila tokeo la bafa lipitie rezista ya 1k kwenda Arduino, na kapasita ya nanofaradi 100 kutoka mguu wa A0 kwenda graundi, vilevile kwa A1. Mpangilio huo una maana. Kapasita ikifungwa moja kwa moja kwenye tokeo la opampu iliyofungwa kama bafa, opampu huanza kutetema yenyewe. LM358 inastahimili kama pikofaradi 50 tu ikiwa bafa, na waya wa koaksi wa mita moja una takriban 100. Ile 1k inawatenganisha.

Baada ya hapo ijaribu bila sola kabisa. Chukua potensiomita ya 10k, ncha zake kwenye 5 V na graundi, mguu wa katikati upeleke mguu 3 wa chipu badala ya kigawa. Pima kwanza umeme kati ya mguu 8 na mguu 4 ukiweka ncha za mita kwenye miguu yenyewe, si kwenye waya wa bredibodi. Kisha panda nusu volti kwa nusu volti ukiandika mguu 3 na mguu 1. Kwa LM358 utaona namba mbili zikifanana, tofauti yake milivolti chache, mpaka karibu 3.5 V. Kutoka hapo mguu 3 unaendelea kupanda na mguu 1 umesimama. Kwa MCP6002 zitafanana mpaka karibu 5 V. Kama mguu 1 umesimama mahali pamoja tangu mwanzo bila kujali potensiomita, huenda waya wa kati ya 1 na 2 haujashika. Kama umesimama karibu na sifuri, angalia kwanza kama umeme unafika mguu 8. Kama namba zinafanana kwenye mita lakini skrini inarukaruka, tafuta graundi: hasi ya betri na graundi ya Arduino ziunganishwe kwa waya mmoja wa kwao, usiobeba mkondo wa taa wala wa inveta.

Na kuna jambo nisilotaka kukuficha. Kwa volti ya betri, inayobadilika polepole, bafa si lazima. Sababu ya watu kuiweka ni kwamba kibadilishi cha Arduino Uno, sehemu inayogeuza volti kuwa namba, kinapenda chanzo chenye ukinzani wa 10k au chini, na kigawa chako cha 100k na 33k kinaonekana kama 25k. Lakini kapasita inayojazwa ndani ya chipu wakati wa kusoma ni ya pikofaradi 14 tu. Ukiweka nanofaradi 100 kati ya A0 na graundi, hiyo kapasita kubwa inaijaza ile ndogo bila kushuka kwa kiasi unachoweza kukiona, na inajazwa tena na kigawa ndani ya milisekunde chache. Soma mara kumi kwa sekunde na utapata namba ile ile bila chipu yoyote, bila swali la umeme. Bafa inastahili pale waya kutoka kwenye kigawa ni mrefu, pale rezista zinapopanda kufikia megaomu ili kuokoa betri, au pale volti moja inapopelekwa kwa vifaa viwili vinavyoisoma pamoja.

Ukiweka MCP6002, programu yako haibadiliki hata herufi moja, kwa sababu vigawa ni vile vile. Ukibadilisha rezista badala ya chipu, kizidisho cha betri kinatoka 4.030 kuwa 5.545, na cha paneli kinatoka 5.545 kuwa 9.333. Pima rezista halisi kwa mita kabla ya kuandika namba hizo, kwani za asilimia 5 zinaweza kukupotezea nusu volti nzima kwenye 14.7, kosa kubwa kama hili ulilokuja nalo.